Bibi, moshi na chenga: kisa cha picha tatu za shindano

Kisa hiki kilitokea Moshi. Nimeondoa majina, jina la kijiji, jina la shindano na la waandaaji wake. Mpiga picha nimemwita Neema, ambalo si jina lake. Mimi nilikuwa mshauri wake, kwa hiyo baadhi ya maamuzi yaliyomo humu ni yangu pia, likiwemo moja ambalo sikulisimamia inavyopasa. Bibi anayeonekana kwenye picha aliombwa ruhusa akakubali kisa kiandikwe.

Tuelewane kwanza kwa maneno mawili. Aliyewahi kuangalia televisheni ya antena siku ya upepo anazijua chenga. Kwenye filamu, chenga ni alama za fuwele za chumvi ya fedha zilizopigwa na mwanga, kisha zikageuzwa na dawa kuwa fedha yenyewe. Filamu yenye kasi kubwa, yaani inayohitaji mwanga mchache, ina fuwele kubwa, ndiyo maana chenga zake zinaonekana. Kwenye kamera ya kidijitali hakuna fuwele. Kuna kihisi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa namba, na namba zikiyumba tunaona kitu kinachofanana na chenga. Hiyo nitaiita noizi. Macho huweza kuvichanganya viwili hivi, lakini havizaliwi mahali pamoja, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya picha za Neema.

Usuli

Neema anapiga harusi, vipaimara na misiba. Kamera yake ni ya mtumba: pikseli milioni 24, kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, na lenzi mbili, ile ya zoom iliyokuja na kamera na nyingine ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (tundu ni mlango wa mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, mlango ni mpana). Kwenye harusi noizi ni aibu. Bibi harusi anataka ngozi iliyonyooka, na mlipaji haulizi ukumbi ulikuwa na taa ngapi. Kwa miaka mkono wa Neema ulikuwa umezoea jambo moja: ukiona noizi, isafishe.

Mada ya shindano ilikuwa kazi zinazoanza gizani, na mshiriki aliruhusiwa picha 3. Zitumwe kama JPEG, upande mrefu usizidi pikseli 3,000, faili lisizidi megabaiti 5. Kurekebisha mwanga, rangi na utofauti wa giza na weupe ni ruhusa. Kuongeza au kuondoa kitu ndani ya picha ni marufuku. Watakaofika fainali watatuma faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera. Chenga hazikutajwa popote.

Akachagua upishi wa mbege. Juu ya mji, kwenye migomba ya mlimani, kuna bibi anayepika mbege ya kuuza kilabuni. Ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka zinaiva na kubadilika rangi, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, kisha maji yake yanachanganywa na uji wa kimea cha ulezi ndipo pombe inaamka. Moto unawashwa alfajiri sana ili mchana bibi aende shambani. Neema amekulia jirani na jiko hilo. Harufu yake anaijua kuliko anavyoijua kamera.

Alfajiri jikoni

Alifika saa kumi na nusu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Karibu, ila hilo limuliko lako usiliwashe. Mtoto amelala hapo."

Mjukuu alikuwa amelala nyuma ya kiambaza. Kwa hiyo fleshi ilikataliwa na mwenye nyumba kabla mpiga picha hajaamua. Hata hivyo ingekuwa kosa. Ukimulika fleshi ndani ya jiko lililojaa moshi, mwanga unagonga moshi ulio karibu na lenzi na unapata ukuta mweupe, huku bibi akiwa nyuma yake kama mtu aliye nyuma ya pazia.

Mwanga uliobaki ulikuwa wa kuni na kibatari kimoja. Neema aliweka ISO 6400 (kiwango cha kamera kukuza mwanga iliyoupokea), shata 1/125 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), tundu f/2.8. Nilimuuliza baadaye sababu ya kila namba. Shata ilikuwa 1/125 kwa sababu mkono wa bibi haukutulia kwenye mwiko. Tundu lilikuwa f/2.8, si f/1.8, kwa sababu tundu likiwa pana eneo lenye ukali huwa jembamba, naye alihofia kukosa jicho gizani. Kipimo cha mwanga cha kamera kilionyesha picha iko chini kwa stopu 2 (kila stopu moja chini ni nusu ya mwanga), akaiacha hivyo kwa makusudi. Hakutaka mwale wa moto uungue na kuwa doa jeupe. "Giza nitaliinua nyumbani," alisema.

Alitoka na picha zaidi ya 150 na akachagua mbili. Ya kwanza: bibi ameinamia pipa, moto umemmulika shavu moja, moshi umepita kati yake na kamera. Ya pili: mikono yake ikikoroga, kanga imefungwa kiunoni, makaa yanang'aa chini. Ya tatu aliipiga siku nyingine mbege ilipoiva, saa mbili asubuhi, ndoo zikipakiwa kwenye bodaboda kupelekwa kilabuni. Anga lilikuwa jeupe, ISO 200, picha safi kabisa.

Kwenye kompyuta

Alipoinua mwanga kwa stopu 2, picha za jikoni zilichafuka. Ni hesabu tu: faili la ISO 6400 ukiliinua stopu 2, vivuli vyake vinafanana na vya picha ya ISO 25,600. Akafanya alichozoea. Akaipitisha picha ya kwanza kwenye kisafishaji cha akili bandia kilichomo ndani ya programu, akakiweka juu kabisa.

Wazee wa studio waliposema "kusafisha picha" walimaanisha kuitoa filamu kwenye dawa ili kilichonaswa kionekane. Hapa kusafisha kulifanya kinyume chake. Mikunjo ya pembeni ya jicho la bibi ilipotea. Shavu likawa kama sahani ya plastiki. Moshi, ambao ulikuwa na nyuzi na tabaka, ukawa shuka. Neema aliridhika, akamtumia binti wa bibi kwa WhatsApp ili amwonyeshe mama yake. Bibi akaitazama, akauliza kama huyo ni mdogo wake aliyeolewa Rombo.

Jioni ile Neema alinipigia simu. "Mwalimu, bibi hajijui kwenye picha."

Naamini hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulifungua faili upya na kuzima usafishaji wote. Sasa uso ulirudi, lakini umejaa nukta nyekundu, kijani na zambarau kama vumbi la chaki za rangi, na juu ukutani mistari ya mlalo ilipita kutoka upande hadi upande. Tukakubaliana kutoita yote hayo "noizi" kwa jumla. Kila aina ishughulikiwe kivyake.

Noizi ya rangi iliondolewa karibu yote, kwa sababu hakuna jicho la mtu linaloona zambarau kwenye shavu gizani. Noizi ya mwangaza, yaani zile chenga za weusi na weupe zisizo na rangi, ilipunguzwa kidogo sana, slaida, yaani kitelezi cha kupimia ndani ya programu, ikiwa kwenye 15 kati ya 100. Mistari ya ukutani hatukujaribu kuifuta. Tulishusha vivuli vya darini vikawa vyeusi kweli, mistari ikazama humo. Jiko lile lilikuwa jeusi, dari lake limekula masizi ya miaka, na hapakuwa na sababu ya kulazimisha lionekane.

Kisha picha ya kwanza ikageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalifanya bila kulijua. Moto wa kuni unatoa mwanga mwingi mwekundu na mchache sana wa buluu. Programu inaposawazisha rangi ili moto usiwe wa machungwa kupita kiasi, inaikuza buluu kwa nguvu, na noizi yake inakuzwa pamoja nayo. Ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe unaweza kuichota zaidi kutoka kwenye nyekundu, ambako mwanga ulikuwa wa kutosha, na buluu ukaiacha nyuma. Chenga zilizobaki zilikuwa ndogo, kali, zimelingana. Kwenye moshi zilionekana kama sehemu ya moshi wenyewe.

Picha ya pili Neema aliibakiza na rangi kwa sababu ya kanga na makaa. Ya tatu ndiyo yenye ule uamuzi nilioutaja mwanzoni, ambao sikuusimamia inavyopasa. Alitaka picha zote 3 zionekane za familia moja, na ile ya bodaboda ilikuwa safi mno. Akaiongezea chenga za programu, kiasi 55, ukubwa zaidi ya kawaida. Aliponionyesha nilisema inaweza kupita. Sikumuuliza chenga hizo zinatoka wapi.

Kupunguza faili

Picha ya kwanza ilikuwa nzuri kwenye kioo cha kompyuta kwa pikseli 6,000. Shindano lilitaka 3,000. Ukipunguza upande kwa nusu, kila pikseli 4 zinakuwa 1, wastani unachukuliwa, na noizi inapungua karibu nusu. Chenga tulizozipima kwa siku mbili zikafifia. Neema akaweka ukali wa juu wakati wa kutoa faili ili zirudi. Zilirudi kama mchanga: kila chenga na ukingo wake mweupe, na nywele za bibi zikawa waya.

Kosa lingine lilifuata. Kwa kuhofia kikomo cha megabaiti 5 alibana JPEG kwa ubora wa 60. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kwanza maelezo madogomadogo ambayo jicho halitarajiwi kuyakosa. Chenga ni maelezo madogomadogo matupu. Kwenye moshi, palipokuwa na chenga laini, miraba ilianza kuonekana. Tulipojaribu ubora wa 85 faili lilikuwa bado chini ya kikomo. Hofu ile haikuwa na msingi, lakini ingeweza kuiharibu picha bila mtu kujua, kwa sababu miraba hiyo haionekani kwenye simu.

Mwisho tulibadilisha mpangilio. Picha ipunguzwe kwanza mpaka pikseli 3,000, ndipo noizi ipimwe kwa macho katika ukubwa huo, kisha ukali kidogo tu, kisha JPEG. Usafishaji wa mwangaza ulishuka kutoka 15 hadi karibu sifuri, kwa kuwa kupunguza ukubwa kulishafanya kazi hiyo.

Majibu ya majaji

Picha ya kwanza ilifika fainali. Neema aliombwa faili ghafi, akalituma, likakubaliwa, na picha ikatundikwa kwenye maonyesho Arusha ikiwa na upana wa sentimita 60. Haikushinda nafasi ya juu. Ilitajwa kwa heshima.

Ya pili haikupita mchujo wa kwanza. Ya tatu haikufutwa, ila ilipata alama ndogo, na maoni ya jaji mmoja yalikuwa ya wazi: chenga zimelala sawasawa juu ya anga, juu ya ndoo na juu ya mandhari iliyofifishwa na lenzi, na haoni zinaeleza nini kuhusu asubuhi ile.

Uchambuzi

*Giza lilitoka wapi*

Watu husema ISO ndiyo inayoleta noizi. Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha hivyo. Lakini ISO inakuza tu kilichopokelewa. Noizi kubwa ya jiko lile ilitoka kwenye uhaba wa mwanga wenyewe.

Fikiria mvua inaanza, na umetandaza sufuria 20 zinazofanana uani. Matone ya kwanza hayaangukii kila sufuria sawa: moja imepata 3, nyingine 7, nyingine halijafika hata moja. Mvua ikinyesha kweli kwa saa nzima, sufuria zote zinakaribia kulingana. Mwanga nao hufika kwenye kihisi kwa matone. Pikseli iliyopata chembe 100 za mwanga huyumba kwa takriban 10, sawa na asilimia 10. Iliyopata chembe 10,000 huyumba kwa 100, sawa na asilimia 1. Kuyumba ni kipeuo cha pili cha idadi. Kwa hiyo ili noizi ipungue nusu, unahitaji mwanga mara 4. Programu hailiwezi hilo; inaweza tu kukisia.

Uamuzi wa kulinda mwale wa moto kwa kupiga chini ya kipimo kwa stopu 2 uliuibia uso robo tatu ya mwanga ambao ungepata. Mwale hauna maelezo yoyote tunayoyahitaji. Moto ni moto, na jicho linakubali uwe mweupe katikati. Uso ndio uliokuwa na habari. Kama kuna namba moja ya alfajiri ile ningeibadilisha, ni hiyo.

*Uso wa bibi*

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona jambo hili halisemwi vya kutosha kati yetu wapiga picha wa huku.

Ngozi nyeusi inarudisha mwanga mchache kuliko ngozi nyeupe. Ndani ya jiko lenye moto mmoja maana yake ni kwamba uso wa bibi uko kwenye eneo lenye chembe chache za mwanga, na hivyo noizi yake ni kubwa kuliko ingekuwa kwa mtu mweupe aliyesimama palepale. Programu ya kusafisha inafanya kazi zaidi panapokuwa na noizi zaidi. Matokeo yake ni kwamba watu wetu ndio wanaolainishwa kupita wote. Uso uliokaangwa na moto kwa miaka mingi unapigwa pasi kwa sekunde chache, na mpiga picha anaona amefanya vizuri kwa sababu picha imekuwa "safi".

Bibi alipouliza kama yule ni mdogo wake, alikuwa anatueleza tatizo la kiufundi kwa usahihi kuliko mwongozo wowote. Mikunjo ya ngozi na noizi ya mwangaza vina ukubwa unaokaribiana ndani ya faili. Kisafishaji hakiwezi kutenganisha kwa uhakika kipi ni umri wa bibi na kipi ni kuyumba kwa kihisi. Kikiondoa kimoja kinachukua na kingine. Uamuzi wa kuacha chenga usoni, basi, ulikuwa uamuzi wa kuacha uso. Uzuri ulikuja baadaye.

Nadhani hiyo ndiyo iliyowagusa majaji, ingawa hawakusema kwa maneno hayo. Kwenye picha ile chenga zinaongezeka kadiri unavyotoka kwenye moto kwenda gizani. Shavu lililomulikwa ni tulivu, shavu la kivulini limechafuka, na nyuma yake ni giza tupu. Noizi ilichora umbali kutoka kwenye moto. Hakuna aliyeipanga hivyo, mwanga ndio uliofanya hivyo.

*Ndoo na bodaboda*

Picha ya tatu ilishindwa kwa sababu hiyohiyo ikigeuzwa. Noizi ya kidijitali hukaa zaidi kwenye vivuli. Chenga za filamu huonekana zaidi kwenye rangi za kati, kijivu, na hupungua kwenye weusi mzito na weupe mkali. Chenga za Neema zilikuwa zimemwagwa kila mahali kwa kipimo kimoja, hata kwenye anga jeupe ambako si kihisi wala filamu ingeziweka. Jaji mzoefu haulizi kama picha imeongezewa chenga. Anaona tu kwamba chenga haziko mahali zinapoishi.

Je, kuongeza chenga ni udanganyifu? Sioni hivyo, angalau si siku zote. Kodak walipotoa Tri-X, filamu yao ya kasi, ya milimita 35 mwaka 1954, chenga zilikuwa gharama ya kupiga picha penye mwanga mdogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, mpiga picha Daido Moriyama na wenzake wa Tokyo walikuwa wakizitafuta kwa makusudi, picha ikwaruze, itikisike, ipoteze ukali, kwa sababu mji waliouona ulikuwa hivyo. Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazil ambaye mwaka 1994 alipiga wakimbizi wa Rwanda kambini Benaco, wilaya ya Ngara, alitumia filamu kwa miaka mingi. Alipohamia kamera za kidijitali alizipa picha zake chenga kama za filamu kwa programu, ili zilingane na zile za mwanzo. Alikuwa na sababu: mradi mmoja wa miaka mingi, nusu yake ukiwa kwenye filamu.

Neema hakuwa na sababu hiyo. Asubuhi yake ilikuwa na mwanga tele, na mada yenyewe ilikuwa safari kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. Ile picha safi ingekuwa pumzi baada ya jiko. Tungeiacha ilivyo, seti ingekuwa na mwendo. Kwa kuifananisha na mbili za kwanza tuliua mwendo huo. Na mimi niliyepaswa kuuliza, nilisema inaweza kupita.

Upande wa kanuni pia tulibahatisha. Mashindano makubwa ya picha za habari na za wanyamapori, kama World Press Photo na Wildlife Photographer of the Year, yanaomba mafaili ya asili ya wanaofika hatua za mwisho na kuyalinganisha. Chenga zikiwa za kihisi zitaonekana kwenye faili ghafi. Zikiwa za kuongezwa hazitakuwepo, na hapo unategemea jaji anavyotafsiri neno "kuongeza". Barua fupi kwa waandaaji ingetosha kuuliza. Hatukuiandika.

*Kanga*

Kuhusu picha ya pili, kwa ufupi: moshi wake ulibaki na madoa makubwa ya waridi ambayo slaida ya noizi ya rangi haiyagusi, kwa sababu inawinda nukta, si madoa. Yalitoka kwenye ile buluu iliyokuzwa. Tungeweza kuyapunguza kwa kuiacha picha iwe ya machungwa zaidi, karibu na rangi ya moto wenyewe, badala ya kuitafutia weupe ambao jikoni haukuwepo. Tulilijua hilo baada ya tarehe ya mwisho.

*Karatasi*

Kwa maonyesho waandaaji waliomba faili la ukubwa kamili. Pikseli 6,000 kwa sentimita 60 ni pikseli 100 kwa kila sentimita. Katika ukubwa huo chenga ni ndogo sana, na karatasi isiyong'aa inazimeza kidogo, kwa hiyo zinahitaji nguvu zaidi kuliko kwenye kioo. Safari hii tulikuwa tumejifunza. Kabla ya kutuma tulikata kipande cha uso na kipande cha moshi, tukavichapa kwenye studio mjini kwa vipimo vitatu tofauti vya noizi, tukavibandika ukutani na kusimama hatua mbili nyuma. Kipimo kilichochaguliwa ndicho kilichoonekana kimezidi kwenye kompyuta. Gharama ilikuwa ya karatasi tatu za saizi ya kawaida.

Alichobadilisha

Neema amerudi jikoni mara mbili tangu hapo, bila shindano lolote. Sasa anafungua tundu mpaka f/1.8 na kushusha shata hadi 1/60, akingoja mwiko ufike ukingoni pale mkono unapotulia kwa kitambo. Mabadiliko hayo mawili kwa pamoja yanampa mwanga takriban mara 5 ya ule wa kwanza, na noizi imepungua zaidi ya nusu kabla hajagusa programu. Moto unaungua katikati na anauacha. Picha nyingi zinakosa jicho kwa f/1.8, karibu mbili katika kila tatu, na anaona ni sawa kupoteza hizo.

Kwenye harusi bado anasafisha, kwa sababu mteja ndivyo anavyotaka, lakini kisafishaji hakivuki nusu tena.

Tulipompelekea bibi picha yake iliyorudi kutoka Arusha aliipokea kwa adabu, akaiegemeza ukutani, kisha akauliza ile nyingine iko wapi, ile yenye kanga. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Kanga ile alipewa na marehemu mumewe, na kwenye nyeusi na nyeupe haionekani rangi yake. Tuliichapa kwa sentimita 30, ukubwa ambao madoa ya waridi kwenye moshi yanahitaji mtu ayajue ndipo ayaone. Iko juu ya mlango wa chumba chake, karibu na kalenda.